Nilivyofuta alama za Wakurdi kwenye bango hapa Johannesburg, na kilichonirudia mwenyewe

Wakuu, salaam zenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka yote napita kwenye nyuzi za watu, nacheka, naondoka zangu. Leo nimeamua kukaa kitako niandike.

Ninayosema ni kweli tupu. Kuna mahali nitajipaka matope mwenyewe, na nilishawishika kuruka hapo, lakini uzi wa uongo ni kumalizia watu bando lao bure.

Mimi ni mtu wa Kigoma, pande za ziwani. Naishi Bertrams, ofisi yangu iko Mayfair. Nikisema ofisi msije mkadhani kuna kiyoyozi. Ni chumba kimoja, mashine ya kuchapia mabango, laptop na meza ya kukatia. Nachapa mabango ya harusi, misiba, makanisa ya Wakongo, maduka ya Wasomali, saluni, chochote. Ukipita Mayfair ukaona bango limenyooka, ujue ni langu. Lililopinda ni la jirani.

Mwaka 2016, mlango wa pili kutoka kwangu, jamaa mmoja mwenye masharubu mazito akafungua kinyozi. Anaitwa Rebwar. Mimi nikamwona nikasema huyu Mturuki. Nikamwuliza hivyo hivyo. Aisee, alivyonitazama! Akaniambia kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba yeye ni Mkurdi, na nisirudie tena.

Kwa wasiojua, kama nilivyokuwa sijui mimi: Wakurdi ni watu wa milimani, na hawana nchi yao peke yao. Milima yao imegawanyika, kipande Uturuki, kipande Iraq, kipande Iran, kipande Syria. Rebwar ni wa upande wa Iraq.

Sasa kilichotufanya tuwe marafiki ni neno moja tu.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwake akaniita kwa sauti, "Kaka! Kaka, come!" Nikageuka nikidhani kumbe jamaa kaishi Kariakoo. Wapi! Kwa Kikurdi cha kwao, kaka ni kaka. Neno lile lile, maana ile ile. Tulicheka siku nzima.

Shida ikawa wenyeji. Kwa Kiafrikana neno la kufanana na hilo ni mavi, samahani wakuu. Rebwar hajui. Mteja akiingia, "Welcome, kaka." Akikaa, "Head up, kaka." Siku moja jamaa mmoja wa miraba minne alisimama na nusu ya ndevu, povu limemjaa usoni, anataka kuvunja kiti. Nikakimbia kuamua. Nikamweleza kwamba huyu anakuita ndugu yake, na mimi kwetu nasema hivyo hivyo. Jamaa akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Tangu siku hiyo mimi na Rebwar ni chai asubuhi, chai jioni. Chai yao kavu, kwenye glasi ndogo, na sukari ya vipande.

Kwenye chai hizo ndipo akanieleza habari ya dada yake, Shilan.

Kijiji chao kiko juu sana. Theluji ikianguka njia inafunga, na hospitali iko chini bondeni. Shilan alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza njia ikiwa imefunga. Walimbeba. Mtoto hakufika.

Rebwar alikuwa hapa Johannesburg anamnyoa mtu alipopigiwa simu. Alimaliza kunyoa. Aliniambia hivyo tu, "Nilimaliza kunyoa," halafu akanijazia glasi.

Na sasa Shilan alikuwa mjamzito tena. Rebwar akawa na wazo moja kichwani: Wakurdi wote wa Johannesburg wakae pamoja, wajenge kijijini vyumba viwili vya akina mama kujifungulia na nyumba ya mkunga, vyote viezekwe kabla theluji haijaanza. Huku kwetu Desemba tunatokwa jasho, huko ndiyo kunafunga. Kwa hiyo haikuwa habari ya "tutaona mbeleni". Ilikuwa sasa au basi.

Mimi nilimwambia ukweli wangu: kaka, usihangaike. Vyama vya watu wa nyumbani navijua. Vinaanza na "umoja ni nguvu", vinaishia na watu kununiana kwenye misiba.

Nilikuwa na uchungu wangu. Sisi watu wa kwetu tuliopo hapa mkoani Gauteng tulikuwa na chama, tukitaka kupeleka maji kwenye zahanati ya nyumbani. Mwenyekiti ni kaka yangu Shabani, wa tumbo moja, anaishi Randburg. Nikajitoa. Nilimwambia Rebwar kuwa walinidhalilisha mbele za watu. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia kila mtu. Mimi na Shabani hatukuwa tumesemeshana zaidi ya mwaka.

Shikeni hapo, nitarudi.

Rebwar hakunisikiliza. Akaita kikao cha kwanza pale kinyozi. Kikavunjika. Cha pili, kikavunjika.

Mnajua ugomvi ulikuwa wapi? Kwenye herufi. Wakurdi wa upande wa Iraq na Iran wanaandika kwa herufi za kutoka kulia kwenda kushoto, kama za msahafu. Wa Uturuki wanaandika kama sisi, a be che de. Rebwar akituma ujumbe kwenye group, nusu ya watu hawawezi kuusoma. Halafu hata kuongea hawaelewani vizuri. Sisi na Wakongo tuna afadhali, yeye atasema lake nami langu na tutafika. Wale ikabidi wagombane kwa Kiingereza.

Kiongozi wa wale wa Uturuki ni mzee mmoja anaitwa Serhat, muuza mazulia. Mzee ana heshima zake lakini mbishi. Hoja yake ilikuwa fupi: mnaniita ndugu, halafu mnaniandikia barua nisiyoweza kuisoma, na kijiji kinachojengwa ni chenu. Mimi hapo ndugu au mtumishi?

Kusema kweli alikuwa na pointi.

Rebwar akaomba kikao cha tatu, cha mwisho, Jumapili mchana, kwenye ukumbi mdogo hapa hapa Mayfair. Akaja kwangu mbio. Anataka bango. Juu maneno kwa herufi za kwao, chini maneno hayo hayo kwa Kikurdi cha akina Serhat, kwa herufi zao. Ukubwa sawa, asiwepo mtu wa kusema ameonewa. Maana yake: "Pamoja kwa ajili ya mama."

Akanitumia maandishi kwenye simu. Nikamwambia nenda kanyoe watu, hii niachie mimi.

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu.

Mimi nimesoma madrasa. Msahafu nimehitimu. Maalim wetu alikuwa na bakora ya mpera, ukiongeza nukta isiyohusika unaongezwa na wewe. Kwa hiyo herufi zile nilizitazama kwa jicho la fundi anayejua. Nikaona herufi ya wau ina kitu kama v kidogo kichwani. Ye nayo ina v. Nikasema hii nini? Nikazidisha ukubwa kwenye skrini. V zimejaa. Nikajua tu, simu imevuruga fonti. Hutokea sana.

Nikakaa saa nzima nafuta v moja moja. Kwa mkono! Herufi zenye nukta tatu sikuzigusa, maana marehemu babu alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na nukta tatu nilizikuta kwake. Lakini v? V hazimo.

Nikashuka mstari wa chini, wa Serhat. Nako nikakuta e imevaa kofia. Nikaivua kofia.

Nikachapa. Nikasimama mbali nikalitazama. Safi. Nikajipongeza kwa soda.

Jumapili nikaenda mwenyewe kulitundika ukumbini, nikakaa kiti cha nyuma karibu na birika. Watu wakaingia. Wa Rebwar wakakaa katikati, wa Serhat wakajipanga ukutani na makoti yao mkononi, watu wa kuondoka hao. Rebwar alikuwa amenyoa masharubu. Sikuwahi kumwona bila masharubu. Alionekana kama mtu mgonjwa.

Akasimama kuongea. Hakufika mbali.

Kuna mama mmoja wa upande wa Iran anaitwa Nasrin, mwalimu, mwanamke mpole. Akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye bango, akaweka kidole pale penye wau.

"Nani amefuta alama zetu?"

Mimi bado sijaelewa, nadhani anataka kunisifu kwa usafi. Nikanyoosha mkono. Wallahi nilinyoosha mkono.

Mama Nasrin akanieleza taratibu, kwa Kiingereza, watu wote wanasikia. Zile v ni herufi za Kikurdi. Ndizo zinazoitofautisha lugha yao na za majirani wanaoandika kwa herufi hizo hizo. Neno lao la "kwa ajili ya" nililivua alama likawa linataka kusomeka kama "ilikuwa". Kwa hiyo bango langu pale ukutani lilikuwa kama linasema pamoja ilikuwa.

Halafu akasema kwamba alipokuwa mdogo, shuleni hakufundishwa kuandika lugha ya mama yake. Baba yake ndiye aliyemfundisha nyumbani, kwa chaki, kwenye mlango wa ghala. Na kitu cha kwanza alichomfundisha ni hizo alama. "Wengine walitufutia kwa makusudi," akasema. "Wewe umetufutia kwa kutusaidia."

Nilitamani birika linimeze.

Kabla sijapumua, mzee Serhat akatoka ukutani. Akaenda kutazama mstari wake. Akaona e yake haina kofia. Akageuka polepole, akanikuta na mkono bado uko juu.

Mzee akafoka! Kwanza kwa lugha yao, halafu akakumbuka nisingeelewa akahamia Kiingereza. Lakini katikati ya kufoka akabadilika. Akamgeukia mama Nasrin, akaanza kumwambia yeye, si mimi. Kwamba kwao zamani kulikuwa na herufi za lugha yao ambazo ofisini hazikukubaliwa. Dada yake alipozaliwa baba alimpa jina, karani akaandika jingine. Dada yule alikufa uzeeni, na kwenye kaburi liko lile jina la karani.

Mama Nasrin akasema, "Hilo sikulijua, keko." Keko ndiyo kaka ya upande wa akina Serhat. Nadhani ilimtoka tu.

Mzee akavuta kiti akakaa katikati, pembeni ya wale asiowasemesha. Wenzake wakatazamana, wakavuta vya kwao. Makoti wakayaning'iniza kwenye migongo ya viti.

Msidhani ikawa asali. Walibishana mpaka chai ikaisha mara mbili. Lakini walikuwa wanabishana wakiwa wamekaa, na hilo ni jambo kubwa. Serhat akasema atatoa nguvu yake yote kwa kijiji cha Rebwar, ila mwakani zamu iwe ya kijiji cha upande wao. Mama Nasrin akasema na wa kwao baada ya hapo. Rebwar akakubali kabla hawajamaliza sentensi.

Likabaki bango. Huyu anataka neno la mwisho liongezwe herufi mwishoni kama mkia, yule hataki mkia. Mwishowe mama Nasrin akasema basi, andika neno moja tu: dayik. Ni mama. Kwa wote ni mama. Nikawaomba waniandikie kwenye karatasi, kwa herufi zote mbili, na mara hii nikatazama kwa adabu. Halina v, halina kofia. Serhat akaniambia, "Hili hata wewe huwezi kuliharibu." Ukumbi mzima ukacheka, pande zote, kicheko kimoja. Na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka moto.

Wakati wa kukunja viti Rebwar akanifuata. Nilijua atanitukana. Hakunitukana.

"Kaka," akasema, "niko milango miwili tu kutoka kwako. Kwa nini hukuuliza?"

Nikachukua kiti kingine nikakikunja, wakuu. Jibu nilikuwa nalo, na sikulipenda.

Sasa narudi kwenye yale matope.

Chama chetu jina lake lilikuwa na majina ya vijiji viwili, cha juu mlimani na chetu cha ziwani, kwa sababu zahanati iko katikati na inahudumia wote. Haina maji. Mwanamke akienda kujifungua anabeba ndoo yake ya maji kichwani, na tumbo lake mbele. Dada yetu mwenyewe alibeba.

Nikapewa kazi ya kuchapa bango la uzinduzi. Nikaandika jina la kijiji chetu cha ziwani kwa herufi kubwa. Cha juu sikukiandika. Nilipoulizwa nikasema nafasi haikutosha.

Nafasi ilikuwepo. Niliweka picha ya mgebuka.

Samaki, wakuu. Niliona watu wa juu wamezidi kimbelembele kwenye vikao, nikasema ngoja niwaoneshe nani mwenye chama. Shabani akaniambia kwa upole, mdogo wangu, chapa jingine. Mbele ya watu wote nikamjibu kwamba anatetea watu wa juu kwa kuwa ameoa huko, tena hakuoa, ameolewa yeye. Mke wake alikuwa amekaa pale pale, ndiye aliyetupikia siku ile. Nikajitoa kwenye group, na watu wa ziwani wakanifuata. Ndiyo hivyo "nilivyodhalilishwa".

Nyani haoni kundule. Nilimcheka Rebwar kwamba watu wake wanagombania herufi, kumbe mimi nilivunja chama kwa ajili ya samaki.

Wiki ile nzima sikufanya kazi ya maana. Ijumaa nikachapa bango. Majina mawili, ukubwa sawa. Nikatafuta namba ya mtu mmoja wa kijiji cha juu anayeuza nguo mjini, nikamsomea kila herufi kwenye simu mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumapili nikapanda teksi kwenda Randburg.

Aliyefungua mlango ni binti yake Shabani. Mtoto wa huku, Kiswahili anasikia ila mdomoni ni Kizulu na Kiingereza. Alinitazama, akageuka ndani akamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba kuna mtu amekuja na sura yako. Alikuwa mdogo mno nilipomwona mara ya mwisho. Hakunijua. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya Serhat.

Shemeji akatokea. Nikamwomba msamaha yeye kwanza, hapo hapo mlangoni, kabla ya kuvua viatu. Akaniacha nimalize yote, hakunisaidia hata neno. Kisha akasema, "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi nimelima mpaka nimechoka, shemeji. Pita."

Shabani alikuwa amekaa na sare yake ya ulinzi, anajiandaa kuingia zamu. Nikasema, "Kaka." Nilikuwa nimelitamka neno hilo kila siku pale Mayfair, ila yeye nilikuwa sijamwita zaidi ya mwaka.

Nikalikunjua bango sakafuni. Akalisoma polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akarudia. Akalizunguka. Akainama akatazama kona zote.

"Samaki umempeleka wapi?"

Tulicheka, halafu mimi nikaacha kucheka na machozi yakaendelea. Mtu mzima.

Baadaye nikamwuliza kwa nini hawakuzindua muda wote huo. Watu wa juu walikuwa tayari, kila kitu kilikuwa tayari. Akasema walimwambia wakachapishe mjini. "Nikawaambia bango letu lina mtu wake. Tutamngoja."

Zaidi ya mwaka, wakuu. Zaidi ya mwaka wanawake wa kwetu wamebeba ndoo, pande zote mbili, wakati kaka yangu ananingoja mimi na mimi nanyonya chai ya vipande vya sukari nikilalamika nimeonewa. Hata yeye nilimwambia alikosea kuningoja. Akasema anajua.

Vyumba vya akina Rebwar viliezekwa theluji ya kwanza ikiwa imeshaanza kudondoka. Shilan alijifungua humo, mtoto wa kike. Picha ninayo ofisini: mlango wa bluu, juu yake bango langu la neno moja. Mwaka uliofuata zamu ikaenda upande wa Serhat. Kelele zilikuwepo, ila walienda.

Na sisi, mwaka huu 2019, tangi limesimama kwenye zahanati na bomba linatoa. Shabani aliwauliza watu wa juu kama samaki anaweza kurudi kwenye bango. Wakasema arudi, ila awe mdogo, na pembeni yake kuwe na mgomba wa kwao. Nimechapa. Amekaa vizuri.

Nilichojifunza mimi si kikubwa. Ukiona alama usiyoielewa kwa mwenzako, usiifute kwa kudhani unamsaidia. Muulize inasomekaje. Mara nyingi yuko milango miwili tu.

Nawakaribisha mje mnichambe, nimejiandaa. Ila kila atakayekuja hapa akiwa amejitoa kwenye chama cha watu wa kwao, aanze kutuambia samaki wake ni nani.